Visual Basic 6 Si Kisingizio!

Wewe unayeandika programu kwa Visual Basic 6, unangoja nini?

Umeambiwa chombo chako kimezeeka. Sawa. Microsoft ilikitoa mwaka 1998, na mwaka 2008 ikaacha kukihudumia. Lakini je, programu zake zimekufa? Hazijafa! Windows 11 bado inaziendesha.

Basi kwa nini data zako bado umezifungia kwenye faili moja la Access, lenye kikomo cha gigabaiti 2, ndani ya kompyuta moja? Kompyuta hiyo ikiungua leo, utawaambia nini wanaokutegemea?

Huwezi, au hujataka?

Unaweza. Tatizo ni kwamba umelala.

Amka! Kanzidata ya MySQL inaweza kukaa kwenye seva na kuhudumia kompyuta nyingi kwa wakati mmoja. Njia ya kuifikia ipo tangu miaka ya tisini: ODBC. Sakinisha draiva ya ODBC ya MySQL. Fungua mradi wako, ingia kwenye References, weka alama kwenye Microsoft ActiveX Data Objects. Andika maelezo ya muunganisho: jina la draiva herufi kwa herufi, anwani ya seva, poti 3306, jina la kanzidata, mtumiaji, nenosiri. Fungua muunganisho.

Ulijaribu ikakataa? Ukakata tamaa kwa kosa moja?

Lisome kosa lenyewe!

Linasema draiva haionekani? Visual Basic 6 hutoa programu za biti 32, nawe huenda umeweka draiva ya biti 64. Haziwezi kufanya kazi pamoja. Weka ya biti 32. Na kama Windows yako ni ya biti 64, zana ya kusimamia ODBC iliyomo System32 si yako. Yako imo SysWOW64. Majina yanachanganya? Ndiyo. Yajue, songa mbele.

Umefika kwenye seva ukafukuzwa? Kagua ruhusa. Je, mtumiaji huyo anaruhusiwa kutoka kompyuta nyingine, au kwenye seva yenyewe tu? Au hata seva huifikii: poti imefunguliwa kwa kompyuta za ofisi yako? Kama ni MySQL 8, njia yake ya kuthibitisha nenosiri ni mpya, na draiva ya zamani haiijui. Tafuta inayoijua.

Kila kosa lina jibu. Kila moja!

Na ukishaunganisha, usibweteke. Usiingie kwa root. Tengeneza mtumiaji mwenye ruhusa anazozihitaji tu. Usibandike maneno ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya amri ya SQL. Tumia Command na Parameters, la sivyo umewafungulia wezi mlango. Funga muunganisho kila ukimaliza kazi. Weka nakala za akiba.

Hii ndiyo kazi ya fundi. Na wewe ni fundi!

Utasema huna muda. Muda wa kulalamika kuhusu chombo cha zamani uliupata wapi? Utasema utaanza ukijifunza lugha mpya. Lugha mpya nayo itakudai seva, mtumiaji, nenosiri, poti na SQL ile ile. Unachojifunza leo hakipotei kesho.

Maji ukiyavulia nguo, yaoge.

Nakili faili lako la Access mahali salama. Sakinisha draiva. Hamishia jedwali moja tu kwenye MySQL, kisha unganisha, usome safu yake ya kwanza kutoka kwenye seva.

Usingoje Jumatatu. Anza leo!