Je, Yatosha Kufungua Mlango?

Wako wadhanio kwamba sadaka hukamilika pale mkono unapotoa. Sisi twauliza: aliyemfungulia mtoto mlango, je, amekwisha kumtimizia haki yake?

Natutazame khabari ya Foundling Hospital ya London. Thomas Coram, nahodha wa merikebu, alihuzunishwa na watoto wachanga waliotupwa njiani. Alihangaika miaka 17 akiwasihi wakubwa, hata mwaka 1739 mfalme akatoa idhini. Na mwaka 1741 watoto wa kwanza wakapokewa. Wasaidizi hawakuwa haba: Hogarth, mchoraji, alitoa picha zake, na Handel, bingwa wa muziki, akaitolea nyumba hiyo mapato ya maonyesho yake.

Lakini akina mama walizidi nafasi, ikabidi wapigiwe kura kwa gololi zilizotiwa mfukoni. Aliyetoa nyeupe, mwanawe alipokewa akionekana mzima. Aliyetoa nyekundu alingoja. Aliyetoa nyeusi alirudi naye. Moyo wakataa jambo hili, kwani mtoto ana kosa gani hata ahukumiwe na rangi ya gololi?

Mwaka 1756 Bunge likatoa fedha kwa sharti kwamba wapokewe wote. Hadi mwaka 1760 waliingia karibu 15,000. Wengine waliletwa kutoka mbali wakafika hoi, na wanyonyeshaji hawakutosha. Zaidi ya nusu wakafa, na Bunge likausimamisha mpango huo.

Huenda msomaji akasema: basi kura ilikuwa bora. La, hatusemi hivyo. Kura iliwaacha wengi nje, na mlango wazi uliwaingiza wengi pasipo maziwa. Kosa halikuwa kuwahurumia wote, bali kuhesabu waliopokewa kabla ya kuhesabu walezi. Wahenga wamesema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea; na kupokea nako ni vivyo hivyo. Ampokeaye mtoto amempa ahadi, na ahadi ipitayo uwezo humdhuru aliyeahidiwa.

Taasisi hiyo haikufa. Hata leo, kwa jina la Coram, yahudumia watoto, kwa kuwa kila kizazi kilipata watu wa kuitunza.

Basi, ndugu zetu, tutoapo kwa ajili ya watoto, tusiridhike kusikia wangapi wameingia. Tuulize pia nani awalea, wala nini, na mwakani watakuwa wapi. Na jawabu likiwa pungufu, tusiufunge mlango, tuongeze walezi.