Tangi Juu ya Mchicha

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hesabu hiyo mtoto wa shule ya msingi anaijua, na bwana ninayemsimulia, mhasibu anayeishi Goba, Dar es Salaam, aliijua vizuri. Ila siku aliyonunua tangi la plastiki la lita 1,000 aliliona jepesi. Yeye na dereva wa kirikuu walilishusha kwa mikono, wakalibiringisha hadi uani huku wakibishana habari za mpira. Tangi tupu linadanganya hivyo.

Ilikuwa Oktoba 2022. Mto Ruvu, tegemeo kubwa la maji ya jiji, ulikuwa umeshuka kwa ukame, na mgao umetangazwa. Mkewe alikuwa na matuta ya mchicha, matembele na bamia nyuma ya nyumba, na amechoka kubeba ndoo. Hakuomba makubwa. Alitaka tangi lijazwe siku maji yanapotoka, kisha literemshe maji polepole kwenye mipira iliyotobolewa matundu, tone kwa tone, hadi kwenye mashina.

"Mwite fundi, mume wangu," alimwambia. "Ni kazi ya siku chache tu."

Fundi akaja, akazunguka uwanja, akataja bei. Ya vifaa haikuleta ubishi. Ya ufundi ndiyo iliyomkera mwenye nyumba.

"Hela yote hiyo ya kugongelea misumari?"

"Ndiyo, bosi," fundi alijibu. Akasema akihitajika apigiwe simu, akaenda zake. Basi mtu ambaye hajawahi kutundika hata saa ya ukutani akajitwika useremala, tena kwa kinyongo.

Nimtendee haki: mvivu hakuwa, wala mjinga. Kazi yenyewe ndiyo hakuipenda, na mtu akifanya kazi asiyoipenda huwa anajiuliza swali moja tu, itaisha lini. Lolote linalochelewesha mwisho huo analiona madoido ya mafundi ya kupandishia bei. Pima maji ya nini wakati jicho linaona? Zege la nini wakati nguzo zinaingia ardhini? Ukimsikiliza kwa haraka unaweza kumkubalia.

Alianza na mashimo. Uwanja ule ulisawazishwa kwa kifusi wakati wa kujenga nyumba, na kifusi kikiwa kikavu huonekana kigumu kama ardhi ya asili. Fundi angechimba mpaka akipite. Yeye alichimba mpaka mkono ukachoka, kina cha futi moja hivi, akasimika nguzo nne za mirunda, akarudishia udongo na kuukanyaga kwa viatu. Dawa ya mchwa hakupaka. Lakini mchwa hawakupata hata muda wa kuanza.

Nguzo zilimpita mtu mrefu kwa mkono mzima. Alitaka tangi liwe juu kabisa ili maji yatoke kwa nguvu, wazo ambalo nusu yake ni kweli. Tutalirudia.

Kosa kubwa lilikuwa kwenye misumari. Juu ya nguzo zinapita mbao mbili nene, na mzigo wote unakaa juu ya hizo. Seremala huikata nguzo kichwani, akachonga ngazi ndogo ili mbao iikalie. Uzito unashuka kupitia nguzo hadi ardhini, na msumari au bolti kazi yake ni kuzuia mbao isihame. Bwana wetu aliziegemeza mbao ubavuni mwa nguzo, akapigilia misumari ya inchi nne, mitatu kila kona. Kwa macho ni kitu kilekile. Tofauti ni kwamba mbao yake haikukalia chochote. Ilining'inia. Tangi likijaa ni tani moja, sawa na mifuko 20 ya saruji, na mifuko yote hiyo ilitegemea misumari 12, tena baadhi imepinda wakati wa kupigwa na kunyooshwa kwa nyundo ikiwa mle mle. Msumari uliopinda seremala huung'oa. Yeye aliona akiung'oa atarudi nyuma.

Kisha akasahau mshazari, au niseme aliuona na kuuacha, maana mbao mbili zilibaki na alizitumia kutengeneza kibenchi. Umbo la pembe nne lililopigwa misumari kwenye kona hulala upande likisukumwa. Pembe zinafunguka na kufunga kama bawaba. Mbao moja ikikatiza kutoka kona hadi kona, umbo linagawanyika kuwa pembetatu mbili, na pembetatu hailali mpaka mbao ivunjike. Ndiyo maana minara mingi ya simu unayoiona barabarani imejaa mishazari toka chini hadi juu. Ubao wa kibenchi kile ungetosha pande mbili.

Juu kabisa alipanga mabanzi akiachanisha nafasi ya kiganja, kwa kubana matumizi. Tangi la plastiki linahitaji kukaa juu ya sehemu bapa iliyojaa kitako chote. Likiwa na nafasi chini yake, maji huisukuma plastiki ibonyee katikati ya mbao, na pale inapojikunja ndipo itakapopasuka.

Alipomaliza aliutikisa mnara wake kwa mkono wakati tangi bado tupu. Haukucheza. Akapiga picha akaitumia kwenye kundi la ukoo, na shemeji mmoja akamwita injinia.

Kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda. Mgao uliwafaa bila wao kujua, kwa kuwa maji yalitoka kidogo kidogo na tangi halikuwahi kujaa. Kivuli chini yake kikawa kizuri. Watoto wawili wa nyumba ile na mmoja wa jirani walitandika mkeka pale mchana, wakacheza kibaba na kimama kati ya nguzo nne. Mama yao aliwahi kumwambia mumewe kwamba nguzo ya upande wa karo kama imeinama. Alijibiwa kwamba ni mteremko wa uwanja ndio unaodanganya macho.

Mvua za vuli zilipokuja, kifusi kilinywa maji kikalainika. Nguzo ya upande wa karo ikazama, si sana, pengine vidole viwili. Tangi likiinama, maji ndani yanahamia upande wa chini, kwa hiyo nguzo dhaifu inaongezewa mzigo ilhali nyingine zinapunguziwa. Usiku mmoja bomba likatoka hadi alfajiri, na tangi likajaa mpaka mdomoni kwa mara ya kwanza. Misumari ya kona ile ikachomoka. Mnara ukalala kama karatasi ya kukunja, tangi likapiga ukuta wa jirani, likaangukia mchicha na kupasuka kitako, hapohapo palipokuwa pamejikunja.

Ilikuwa saa kumi na moja asubuhi. Watoto walikuwa wamelala ndani. Jirani, bibi mmoja mjane, alitoka na tochi akakuta tofali zake uani na maji yanapita mlangoni. Mhasibu alimwamkia shikamoo akiwa amesimama kwenye tope na bukta ya kulalia. Bibi akaitikia marahaba, kisha akamuuliza swali moja tu: watoto wako wapi?

Fundi alipigiwa simu siku hiyo hiyo. Alifika na futi yake na uzi, hakucheka, hakukumbushia lolote. Alitazama matuta, akatazama mabaki ya nguzo.

"Bosi, maji haya yalikuwa yanakwenda wapi?"

"Kwenye mchicha."

"Mchicha uko chini. Sasa kule juu tangi lilikuwa linafuata nini?"

Hapo ndipo ilipo nusu ya pili ya lile wazo. Ni kweli kimo huongeza presha, lakini kwa uchache mno: ukitaka bombani maji yatoke kwa nguvu kama ya mjini, tangi lipande mita kumi na zaidi. Kimo kile hakikumpa nguvu ya kuoga wala ya kuoshea gari, na bustani haikukihitaji. Matone hayataki presha kubwa. Wapo wakulima wadogo wanaomwagilia kwa ndoo ya lita 20 iliyoinuliwa mita moja tu kutoka ardhini.

Fundi alichimba akakipita kifusi. Akamwaga zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, akapandisha tofali za inchi sita hadi juu kidogo ya goti, ndani akashindilia mawe na udongo, juu akafunika kwa zege bapa. Akaagiza limwagiliwe maji kwa siku saba na mtu asiweke hata ndoo juu yake. Tangi jipya lilipopandishwa halikujazwa kwa pupa. Lilianza robo, likalala usiku, fundi akaweka pima maji; likaongezwa hadi nusu, akaweka tena.

Lilipojaa, mama mwenye nyumba alifungua koki mwenyewe. Matuta mawili yakapata maji. La tatu likabaki kavu, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka chujio na takataka zimeziba matundu. Mpira ukang'olewa, na kila tundu likazibuliwa kwa sindano. Mhasibu alikaa kwenye kile kibenchi akaifanya kazi hiyo hadi magharibi, tundu moja baada ya jingine, na mkewe alipomwita chakula aliomba angoje amalize mstari.