Kumrudishia Mtu Uso Wake

Kamera haimjui mtu. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani yake kimeundwa kuamini jambo moja tu: kwamba kila kilicho mbele yake, weusi na weupe vikichanganywa, hutoa kijivu cha wastani, kile ambacho wapiga picha wamezoea kukiita kijivu cha asilimia 18. Msimamishe Mdinka wa Sudan Kusini mbele ya ukuta mweupe. Kamera itauona ukuta, itadhani mwanga umezidi, itaupunguza, na uso utazama gizani yabaki macho na meno. Msimamishe mtu huyohuyo mbele ya pazia jeusi. Sasa kamera itadhani kumekuchwa, itaongeza mwanga, na ngozi nyeusi ya kung'aa itatoka kama imepakwa jivu. Hakuna aliyezigusa picha hizo mbili kwa kompyuta, na zote mbili ni za uongo.

Naanza na hilo kwa sababu swali ninaloulizwa sana studioni kwangu ni kama kuediti picha ni dhambi. Studio yangu iko Jebel, magharibi mwa Juba, upande wa sokoni, chini ya mlima ule wa mawe ulioipa mitaa hii jina lake. Mimi ni mtu wa Mombasa na ni Muislamu. Wateja wangu wengi ni Wakristo, na wengi wao Kiswahili wamekichukua kambi ya Kakuma nchini Kenya au Uganda, walikokimbilia wakati wa vita, kwa hiyo tunaelewana vizuri, na mazungumzo ya dini hayatuogopeshi. Aliyelisema swali hili kwa uzito kuliko wote ni katekista mmoja mzee, aliyekuja kupigwa picha ya kuweka ukutani. Alinikuta nikifuta kipele kwenye shavu la bwana harusi. Akaangalia kioo cha kompyuta kwa muda, kisha akaniambia: "Ustaadh, huyu kijana Mungu alimpa kipele wiki ya harusi yake. Wewe unakitoa. Si umemshuhudia uongo?"

Kwetu sisi Waislamu swali hili lina mizizi mirefu. Kuna hadithi kali za Mtume kuhusu watengeneza sura, na kamera ilipofika katika nchi zetu wanazuoni waligawanyika. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliihalalisha picha ya kamera kwa hoja iliyowatuliza wengi: mpiga picha haumbi kitu, anazuia tu kivuli ambacho Mwenyezi Mungu mwenyewe amekwisha kukiumba, kama kioo kinavyokipokea. Wako wasioikubali hoja hiyo hadi leo, na ninawaheshimu. Lakini mimi nimekula riziki chini ya kivuli chake, na ndiyo maana inanibidi niseme wazi mahali inapopasuka. Programu ya Photoshop ilianza kuuzwa mwaka 1990. Tangu hapo anayezuia kivuli anaweza pia kukichonga. Nikiwa na mausi mkononi naweza kumpa mtu pua nyingine, kiuno kingine, rangi nyingine. Hapo siwezi tena kujificha nyuma ya kioo cha Sheikh.

Mtu mwenye msimamo mkali atasema basi usiguse, iache picha kama ilivyotoka. Rai hiyo ina heshima yake, ila inasahau kwamba kioo chenyewe kilitoka kiwandani kimepinda. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha filamu zilipima rangi zake kwa kadi ya mwanamke mweupe. Kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley, kutokana na mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha za mwanzo. Rangi ya Shirley ikitoka sawa, mashine imekaa sawa, na sisi wengine tutoke tutakavyotoka. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth, aliyeichunguza historia hii, ameeleza kwamba msukumo mkubwa wa kuboresha rangi za kahawia katika filamu za Kodak ulitoka kwa wenye viwanda vya chokoleti na vya samani, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautishiki kwenye matangazo. Mbao na peremende zilisikilizwa kabla ya watu. Mwongozaji filamu Jean-Luc Godard, alipoalikwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, alikataa kutumia filamu ya Kodak kwa sababu hiyo. Kwa hiyo anayeniambia niache picha kama ilivyotoka, bila kujua ananiambia niwaamini mafundi wa kiwandani wawe mashahidi wa uso wa Mnuer.

Wala kutoguswa hakuifanyi picha kuwa kweli yote. Picha mashuhuri kuliko zote zilizopigwa katika nchi hii ni ile ya Kevin Carter, ya mtoto aliyeinama na tai nyuma yake. Aliipiga Ayod, Jonglei, Machi 1993. Gazeti la New York Times likaichapa mwezi huohuo, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer. Hakuna aliyemwekea tai. Lakini kituo cha kugawa chakula kilikuwa karibu, na watu wazima walikuwa wanapokea msaada uliotua kwa ndege. Hayo hayakuingia kwenye fremu, na dunia ikasadiki kwamba mtoto yuko peke yake na ndege mla mizoga. Simhukumu Carter, alijiua Julai 1994, na hesabu yake iko kwa Muumba wake. Ninachosema ni kwamba ukweli wa picha unaanza kuamuliwa mahali unaposimama, kabla ya kompyuta kuwashwa.

Ndiyo maana namwambia kila kijana anayekuja kujifunza kazi: haki ya mteja iko kwenye upigaji kwanza. Jua la Juba saa sita mchana linachimba mashimo chini ya nyusi, na hakuna programu itakayoyafukia vizuri. Mtoe mtu juani, mweke barazani, kwenye kivuli kinachotazama anga wazi. Angalia kilichoko pembeni yake. Jebel imejaa maturubai ya bluu na mabati yaliyopakwa rangi, na mwanga ukigonga turubai la bluu unafika usoni mwa mtu ukiwa bluu. Atatoka kama mgonjwa na hutajua kwa nini. Tandika shuka jeupe kwenye kiti mbele yake, au mpe mtu alishike. Ngozi nyeusi sana hujengwa na mwanga unaorudi, ule mng'ao laini unaopita juu ya mfupa wa shavu na kandokando ya pua, na mng'ao huo unatoka kwenye kitu kipana cheupe, hautoki kwenye flashi ndogo inayopasua uso kwa alama moja. Pima mwanga kwenye uso, achana na ukuta. Tazama histogramu: weusi ukiwa umesukumwa wote kwenye ukingo wa kushoto, taarifa za uso zimepotea na hazirudi. Na hifadhi faili ghafi (RAW) pamoja na ile ya kawaida, kwa maana faili ghafi inatunza vivuli ambavyo kamera, ikiachiwa ijiamulie, ingevitupa.

Kina mama wanaoponda kokoto kwenye machimbo ya mlima huu wakija studioni vumbi jeupe bado liko kwenye nyusi. Wengine wanataka kunawa kwanza, wengine wanataka waonekane na kazi yao. Hilo ni lao kuamua. Kazi yangu ni kwamba aliyenawa asitoke kama hakunawa.

Baada ya hapo ndipo naketi kwenye kompyuta, na sehemu kubwa ya ninachofanya ni kulipa deni. Naweka mizani ya rangi hadi shati jeupe liwe jeupe na uso urudi kwenye wekundu au ubluu wake wa asili, kwa sababu weusi wa watu hapa si mmoja. Nafungua vivuli kidogo. Nafuta vumbi la lenzi. Kipele cha bwana harusi nakifuta pia, na nilimjibu katekista hivi: "Mzee wangu, kipele hiki baada ya wiki hakipo, na picha hii itakaa miaka hamsini. Nikikiacha, wajukuu watadhani ndio uso wake." Kovu sifuti kwa hiari yangu. Kovu ni la mtu, limeingia kwenye historia yake.

Rangi ya ngozi ndipo ninapokataa. Mama mmoja alimleta binti yake, msichana wa darasa la sita, mweusi mzuri kama usiku wa mwezi mchanga. Picha ilikuwa ya kupelekwa kwa ndugu walioko Australia. Akaniambia, "Kaka, mng'arishe kidogo, wale huko wamezoea watu weupe." Binti alikuwa amekaa hapohapo anasikia. Nilimgeuzia mama kioo nikamwonyesha picha nilivyoipiga, yenye mng'ao wake wote, nikamwambia siongezi kitu. Hakufurahi. Alilipa akaenda, na kama alimpelekea fundi mwingine siwezi kumzuia. Qur'ani inasema Mwenyezi Mungu alitutia sura na akazifanya nzuri sura zetu. Biblia ya mama yule inasema mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Vitabu viwili, na hakuna kilichoweka sharti la rangi. Najua kuna hoja kwamba mteja ndiye mwenye uso na ndiye mwenye pesa. Kwa mtu mzima hoja hiyo naisikiliza, ingawa bado mkono wangu haufanyi. Kwa mtoto siisikilizi kabisa, kwa sababu picha ile itarudi kwake. Ataitazama kila siku ukutani na kuambiwa kimyakimya kwamba yule mweupe ndiye alipaswa kuwa yeye.

Kisha akaja mtu aliyeniweka kwenye njia panda. Mnuer, makamo, mwenye gaar, ile mistari sita ya chale inayokatiza paji la uso. Alitaka picha ya kuweka kwenye simu yake, ya wasifu, na akataka mistari ifutwe. Kwa kanuni yangu nilipaswa kukataa: chale hizo ni utu uzima wake, alichanjwa akiwa kijana mbele ya wazee wake, akazivumilia. Lakini katika nchi hii uso uliwahi kuwa hati ya kifo. Desemba 2013, vita vilipozuka, wanaume wa Kinuer walisakwa nyumba kwa nyumba hapa Juba, na tume ya Umoja wa Afrika iliyoongozwa na Olusegun Obasanjo imeyaandika hayo. Katika miji mingine Wadinka nao walitafutwa kwa kabila lao. Julai 2016 risasi zilirudi, na safari ile zilipigwa hapa Jebel. Hakunieleza alipoteza nani, wala sikumuuliza.

Nilizifuta. Kitambulisho cha serikali au paspoti nisingegusa, kwa kuwa pale picha ni kiapo mbele ya dola. Hii ilikuwa ni picha yake mwenyewe ya kujikinga, na dini yangu inamruhusu aliyetishiwa uhai kuificha hata imani yake maadamu moyo umetulia. Nilimpa zote mbili, iliyofutwa na ile kamili, na ile kamili niliichapa kwa karatasi nzuri bila kumtoza. Nilipomsimulia katekista, bila kumtaja mtu, nilitegemea anilaumu. Akanikumbusha Rahabu wa Yeriko aliyewaficha wapelelezi na kuwadanganya waliowatafuta, na wale wakunga wa Kiebrania waliomdanganya Farao ili watoto waishi. "Hao Mungu hakuwahesabia dhambi," akasema.

Kuhusu wajane sina mashaka hata kidogo. Wanakuja na picha ndogo ya marehemu, imekunjwa, imeliwa na maji, wanataka nimsimamishe kando yao na watoto. Lamu kulikuwa na fundi, Omar Said Bakor, aliyeunganisha picha kwa mkasi na gundi kabla kompyuta hazijafika pwani, akawaweka watu mahali ambapo hawakuwahi kusimama, na waliozitazama walijua wanatazama nini. Mjane anajua mumewe hakuwepo studioni. Watoto wanajua. Hakuna anayedanganywa, kwa hiyo hakuna uongo. Kipimo changu ndicho hicho: je, kuna mtu atakayeiamini picha hii kwa hasara yake au ya aliyepigwa? Ikiwa hakuna, mkono wangu uko huru.

Siku hizi swali limetoka studioni limeingia mfukoni mwa kila mtu. Simu inaediti kabla hujaiona picha: inalainisha ngozi, inapanua macho, na nyingine zinang'arisha uso bila kuulizwa. Kuna jitihada njema pia. TECNO imejipatia soko Afrika kwa kamera zilizorekebishwa kwa ngozi nyeusi, na Google ilileta teknolojia ya Real Tone kwenye simu za Pixel mwaka 2021 kwa nia hiyohiyo. Hata hivyo picha isiyoguswa haipo tena, kama iliwahi kuwepo.

Kwa hiyo wewe uliyeshika simu, fanya haya. Ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime urembo. Mtoe mtu juani. Gusa uso wake kwenye kioo kabla ya kupiga, ili simu ipime uso iache ukuta. Na mtoto wa mtu usimfanye mweupe, hata mama yake akikuomba.