Chema Chajiuza, Lakini Bei Anapokea Nani?

Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli tupu, wala sina ugomvi nayo. Lakini kila nikimwona kijana aliyeinamia kompyuta usiku kucha akimtengenezea mwenzake biti, bila karatasi, bila jina lake kuandikwa popote, kwa ahadi ya “ngoma ikilipa tutaonana”, hunijia swali ambalo methali haikulijibu. Hicho chema kikishajiuza, bei anapokea nani?

Nitalijibu kwa maisha ya mtu mmoja. James Dewitt Yancey alizaliwa Detroit, Marekani, tarehe 7 Februari 1974. Kwanza alijulikana kama Jay Dee, baadaye J Dilla. Alikuwa prodyuza na rapa, na leo ni shida kuwakuta wajuzi wa hip hop wakihesabu mafundi wakubwa wa biti halafu wamsahau. Alikuwa mtu mkimya, asiyependa kujitangaza, na kazi yake ilijiuza kweli. Ndiyo maana nimemchagua yeye. Kama kungekuwa na mtu ambaye ubora peke yake ungemtosha, angekuwa huyu.

Alikulia mtaa wa Conant Gardens, katika nyumba ya muziki. Baba yake alipiga besi ya jazz. Mama yake, Maureen, aliimba opera, na siku hizi wapenzi wa muziki duniani wanamwita Ma Dukes. Mtaani hapo aliishi pia Amp Fiddler, mpiga kinanda aliyefanya kazi na George Clinton. Amp alikuwa na mashine ya Akai MPC, kifaa chenye vibao vya mpira ambavyo ukivigonga kwa vidole hutoa sauti ulizozihifadhi ndani yake. Wakati huo haikuwa mali ya kila kijana. Amp aliwafungulia vijana wa mtaa mlango wa nyumba yake, akamkalisha James mbele ya mashine na kumwacha aishikeshike mpaka aielewe mwenyewe. Mwaka 1994, katika ziara ya tamasha la Lollapalooza, Amp alikuwa barabarani na kundi la Clinton, na A Tribe Called Quest nao walikuwemo. Akamkutanisha Q-Tip, rapa wa Tribe, na kijana wake wa Detroit, na kanda ya kijana huyo ikafika mikononi mwa Q-Tip. Maisha ya James yalibadilika kuanzia hapo.

Niseme neno kwa wenye vifaa kabla sijaendelea. Kila mtaa una Amp wake: mwenye spika nzuri, mwenye maikrofoni, mwenye namba ya simu ya mtu mkubwa. Amp angeweza kumficha yule kijana kwa kuogopa kupitwa, kama wanavyofanya wengi. Hakumficha. Alifariki mwaka 2023, na wengi waliomwombolezea walilikumbuka jambo hilo. Mdogo wako akikuzidi, umefanikiwa mara mbili.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, maana nasaha ya muziki isiyogusa muziki ni maneno matupu. Mashine hizi zina uwezo wa kuunyoosha mdundo. Ukigonga mapema kidogo au ukichelewa, zenyewe zinausogeza ukae sawasawa kwenye mstari. Wengi hawauzimi uwezo huo kwa sababu unaficha makosa ya mkono. Dilla wakati mwingine aliuzima, na wakati mwingine aliisogeza sauti moja moja kwa makusudi, hii itangulie kidogo, ile ibaki nyuma, nyingine ikae palepale panapotarajiwa. Ukisikiliza kwa mara ya kwanza unaweza kudhani mpigaji ana usingizi. Sikiliza tena, utagundua kila kitu kimewekwa mahali pake na mtu aliyejua anachokifanya. Questlove wa The Roots, mpiga dramu aliyesifika kwa kushika mapigo bila kuyumba, amesimulia mara nyingi jinsi midundo hiyo ilivyomfanya ajifunze upya kupiga. Binadamu alikuwa akiiga mashine, na mashine yenyewe ilikuwa imefundishwa kupumua kama binadamu.

Kijana asije akachukua hapa ruhusa ya uzembe. Dilla aliivunja kanuni baada ya kuijua. Alisikiliza santuri nyingi kuliko tunavyoweza kufikiria, akatafuta sekunde mbili za sauti ambazo wengine walizipita, akazikata na kuzipanga upya. Alitengeneza biti karibu kila siku, kwa wingi kiasi kwamba mpaka leo kanda zake bado zinazungumzwa. Anayechelewa kwa sababu hakufanya mazoezi amechelewa tu.

Kazi ikajiuza. Mwaka 1995 kundi la The Pharcyde lilitoa “Runnin'”, biti yake. Mwaka 1996 De La Soul walitoa “Stakes Is High”, biti yake. Mwaka huohuo alishiriki katika albamu ya A Tribe Called Quest, Beats, Rhymes and Life, akiwa na Q-Tip na Ali Shaheed Muhammad, watatu hao wakijiita The Ummah. Mwaka 2000 rapa Common alitoa “The Light”, wimbo wa mapenzi unaopigwa hadi leo, na huo pia umetoka mikononi mwake. Mwaka huohuo mwimbaji D'Angelo alitoa Voodoo, albamu ambayo midundo yake inatembea kwa mwendo wa Dilla kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lakini ukisoma orodha ya watayarishaji wa nyimbo za albamu hiyo, jina la Dilla hulikuti.

Sisemi wenzake walimdhulumu. Q-Tip alimpa nafasi ambayo wengi waliililia, na hao wengine walimpenda na kumheshimu hadharani. Ninachosema ni kwamba kazi ya pamoja chini ya jina la kundi ina hatari yake. Msikilizaji wa kawaida alisikia The Ummah, akamfikiria Q-Tip aliyekwisha kumjua. Kijana wa Detroit alibaki nyuma ya pazia, na miaka ikapita kabla umma haujaujua ukubwa wa kazi yake. Yeye mwenyewe hakuonekana kusumbuka sana. Huo ni unyenyekevu, na unyenyekevu ni tabia njema, lakini haujawahi kumlipia mtu kodi ya nyumba.

Upande wa urapa nao una funzo. Alianza kuchana mistari na rafiki zake wa shule, T3 na Baatin, katika kundi la Slum Village. Baadaye alitia saini mkataba na kampuni kubwa, MCA, akarekodi albamu yake akiwa rapa. Kampuni haikuitoa. Ilikuja kutoka mwaka 2016 kwa jina la The Diary, mwenyewe akiwa ameshazikwa miaka kumi. Hapo wapo ambao wangekata tamaa, au wangeshinda vijiweni wakiisema kampuni. Dilla aliingia studio na kutengeneza Ruff Draft, akaitoa mwaka 2003 chini ya lebo yake ndogo, kwa sauti chafu ya makusudi. Mwaka huohuo, yeye na prodyuza mwenzake Madlib walitoa albamu ya Champion Sound kwa mpango ninaoupenda sana: Dilla achane juu ya biti za Madlib, na Madlib achane juu ya biti za Dilla. Kila mmoja alimwamini mwenzake akampa kazi ya mikono yake. Kolabo za siku hizi zingejifunza kitu hapo, maana nyingi ni watu wawili wanaovizia mashabiki wa mwenzao.

Wakati huo ugonjwa ulikuwa umeshamwingia. Alikuwa na maradhi ya damu na lupasi, ambayo hufanya kinga ya mwili imgeukie mwenye mwili. Alihamia Los Angeles, akawa mtu wa kuingia na kutoka hospitali. Alipopata nguvu aliomba aletewe santuri na mashine ndogo, na sehemu ya albamu yake Donuts aliifanyia kazi palepale kitandani. Vidole vilivimba na kukakamaa. Mama yake alikuwa akikaa kando ya kitanda, anamshika mikono, anamkanda vidole kimoja kimoja hadi vilegee, ili mwanawe aweze kugonga tena. Mwishoni mwa mwaka 2005 alikwenda kutumbuiza Ulaya akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na mama yake alikuwa naye safarini. Donuts ilitoka tarehe 7 Februari 2006, siku aliyotimiza miaka 32. Alifariki siku tatu baadaye.

Wasifu mwingi wa Dilla huishia hapa, kwenye machozi. Nasaha haiwezi kuishia hapa.

Dilla aliacha wasia, na hilo tumshukuru nalo. Lakini aliacha pia deni kubwa la kodi ya serikali, watoto wawili wa kike, na lundo la biti zilizosambaa mikononi mwa watu. Baadhi zilitumika bila idhini, nyingine ziliuzwa kwa kificho. Mama yake, aliyebeba gharama za ugonjwa, alipoteza nyumba yake Detroit. Ukazuka mvutano kati yake na msimamizi wa mirathi kuhusu nani ana haki ya kutumia jina la marehemu na kwa namna gani, ukaandikwa magazetini. Fikiri mama aliyekanda vidole vile anaambiwa jina la mwanawe si lake kulitumia. Wakati huohuo watu walikuwa wakivaa fulana zenye jina hilo na kufanya matamasha ya kumkumbuka katika miji mingi, wengi wao kwa nia njema kabisa. Mwaka 2012 muuza santuri mmoja wa Michigan alinunua vitu vilivyotelekezwa kwenye chumba cha kuhifadhia mizigo, akakuta ni santuri za Dilla. Aliposhtuka ni za nani, alimtafuta mama. Mungu amlipe kwa uungwana huo, maana wengi wangenyamaza.

Ikiwa fundi wa kiwango kile, katika nchi yenye wanasheria kila kona, aliacha mambo yamesokotana hivyo, wewe unayetuma biti kwa WhatsApp na kungoja “asante, kaka” unategemea nini?

Basi nakuomba mambo ambayo hayana utamu wa muziki. Kabla ya kutoa biti, andikeni. Karatasi moja inatosha kuanzia: jina la wimbo, nani ametengeneza mdundo, nani ameandika mashairi, kila mmoja ana asilimia ngapi, tarehe, sahihi, na shahidi mmoja. Kudai maandishi si kukosa adabu, wala si kumwonyesha rafiki kwamba humwamini. Marafiki ndio wenye haja zaidi ya maandishi, kwa sababu wana kitu cha thamani cha kupoteza. Nenda ofisi ya hakimiliki, ukiwa Tanzania COSOTA, ukiwa Kenya KECOBO, sajili kazi yako na uulize habari za mrabaha kabla ngoma haijatoka. Faili zako zipange, na mtu mmoja unayemwamini ajue ziko wapi.

Na wewe pia usile jasho la mwingine. Donuts imejengwa kwa vipande vya sauti za watu, Dionne Warwick akiwa mmoja wao, na kila kipande kina mwenyewe. Unayelalamika kwamba msanii amechukua biti yako bila ruhusa, jiulize ile zilipendwa uliyokata kinanda chake ni ya nani, na kama yuko hai, na kama familia yake imeambiwa.

Andika wasia hata kama una miaka 25 na huna nyumba. Mdundo wako ni mali. Dini imetufundisha kwamba deni la marehemu hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, kwa hiyo aliyelaza deni amelaza mzigo kitandani kwa mama yake. Ukipata fedha ya kwanza ya shoo, toa ya kodi na ya deni, kisha ndipo uangalie viatu.

Mashine ya MPC aliyoitumia Dilla iko leo Washington, katika jumba la makumbusho la historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi. Mama yake ndiye aliyeitoa. Heshima hiyo ilistahili, na imekuja wakati mwenye vidole hayupo kuiona.

Ninyi waimbaji na marapa, hili ni lenu. Yule kijana aliyekutengenezea wimbo wa kwanza, ule uliokutoa, mpigie simu wiki hii. Muulize jina lake liandikwe vipi, rekebisha maelezo ya wimbo huo kila mahali ulipowekwa, mtaje ukihojiwa redioni, na kama kuna fedha ilikuwa yake, mpe angali hai.