Je, Ni Haki Kumpima Asiyeumwa?

Mtu akiumwa huenda kwa mganga. Hilo lafahamika kwa wote. Lakini siku hizi mama asiyesikia maumivu yoyote, anayepanda mlima na mzigo wake kutoka soko la Kadutu, huambiwa: «Njoo upimwe.» Nyumbani watu humwuliza: «Wapimwa nini, nawe huumwi?»

Swali hilo si la kijinga. Ndani yake mna maswali mawili makubwa. Je, ni haki kumtafutia mtu ugonjwa asiousikia? Na tukiuona, tumeuona kwa kusudi gani? Tuyachungue kwa kufuata ugonjwa mmoja, yaani kansa ya mlango wa kizazi.

Katika mwaka wa 2022 kansa hii iliwapata wanawake wapatao 660,000 duniani, ikawaua wapatao 350,000. Karibu wote waliokufa walikuwa wa nchi zenye mali kidogo, kama nchi yetu ya Kongo. Nao si ugonjwa wa ghafula. Mzizi wake ni virusi viitwavyo HPV, ambavyo hupita kati ya mwanamume na mwanamke wanapokutana kimwili. Mtaalamu Mjerumani, Harald zur Hausen, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuuonyesha mzizi huo. Watu wengi sana hupata virusi hivi wakati fulani wa maisha yao, na kwa kawaida mwili huvishinda wenyewe katika mwaka mmoja au miwili. Kwa wanawake wachache hubaki. Kutoka hapo hadi kansa hupita kwa kawaida miaka 15 hadi 20; kwa mama ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika, kama mwenye virusi vya UKIMWI asiyetibiwa, yaweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu.

Muda huo wote mama haumwi kitu. Damu na maumivu zikija, mara nyingi ugonjwa umekwisha kuenea. Wazee husema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huu mwenye nyumba hauoni kwa macho yake mwenyewe. Basi jibu la swali la kwanza ni hili: ikiwa ugonjwa hujificha, na ukionekana mapema waweza kuponywa, kuutafuta ni haki. Kungoja mpaka uume si uvumilivu.

Hata hivyo kutafuta nako kwaweza kudhuru. Hapa yatupasa kufahamu kidogo kazi ya waganga.

Njia moja ni ya siki. Mwuguzi hupaka maji ya asidi kama ya siki kwenye mlango wa kizazi, akangoja dakika moja; penye mabadiliko hugeuka peupe. Gharama yake ni ndogo, na mama aweza kutibiwa siku ile ile. Lakini yote yategemea jicho la mwuguzi, na kwa mama aliyekoma hedhi sehemu ya kutazamwa mara nyingi huwa imerudi ndani. Njia nyingine ni kuvitafuta virusi vyenyewe. Ni njia yenye nguvu zaidi, na mama aweza kujichukulia kipimo mwenyewe kwa kijiti laini. Lakini kipimo hiki husema tu: «Virusi vipo.» Hakisemi ni nani aliye hatarini. Kati ya akina mama wengi walioambiwa hivyo, wenye haja ya matibabu ni wachache. Ukiwakata wote, umewakata na wale ambao miili yao ingejiponya. Tena mama aliyekatwa mlango wa kizazi aweza baadaye kuzaa mtoto kabla ya wakati. Ukiwaacha wote, umemwacha na yule atakayekufa.

Ndiyo sababu wataalamu wamezitafuta alama ndani ya chembe zenyewe. Karibu katika kila chembe ya mwili mna DNA, ambayo ni kama kitabu kikubwa cha maagizo. Sasa fikirini kitabu kilichoachwa penye unyevu wakati wa mvua: herufi zake hazikufutika, ila kurasa fulani zimegandamana, hazifunguki. Mwili nao huweza kubandika vitu vidogo viitwavyo methili juu ya DNA. Herufi hazibadiliki, lakini ukurasa haufunguki tena. Kazi hiyo huitwa methilesheni. Kwa kawaida huufaa mwili. Lakini ikizifunga kurasa zenye maagizo ya kuzuia chembe zisikue ovyo, hatari huanza. Alama hizo huzidi jinsi chembe zinavyokaribia kansa. Mwaka 2020 watafiti walitoa habari za vipande zaidi ya 500 vya kansa hii kutoka nchi zaidi ya 25: walipopima kurasa mbili tu, ziitwazo FAM19A4 na miR124-2, walikuta alama katika vipande 98 kwa kila 100. Alama za namna hii zimejaribiwa pia kwa akina mama wenye virusi vya UKIMWI nchini Kenya na Afrika ya Kusini. Faida yake ni hii: kati ya akina mama wenye virusi, mganga aweza kumpambanua anayehitaji kutibiwa upesi na yule anayeweza kungoja na kuangaliwa.

Tumesikia habari njema. Lakini chombo kizuri hakimfanyi mwenye kukitumia kuwa mwema. Naona wajibu tatu.

Kwanza, anayetafuta ugonjwa ajifunge kuuponya. Hapa Bukavu si kwamba hatuna waganga. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na mganga Denis Mukwege, yajulikana ulimwenguni kote, hasa tangu mwenyewe alipopewa Nobel ya Amani mwaka 2018. Lakini mama wa Shabunda au wa kisiwa cha Idjwi atafikaje? Na vita navyo hufunga njia: mwezi wa Februari 2025 mji wetu wenyewe uliingia mikononi mwa M23. Kipimo cha alama za methili chahitaji maabara, mashine, umeme, na jibu lake halitoki saa ile ile. Kumwambia mama, «Una alama mbaya,» kisha kumwacha bila njia, ni kama kumwamsha mtu usiku kwamba nyumba yake yawaka, halafu kumfungia mlango. Kwa hiyo, mahali ambapo mama hataweza kurudi, siki ya leo pamoja na matibabu ya leo yaweza kuwa haki kuliko mashine ya kesho. Shirika la Afya Duniani lilipoweka shabaha zake mwaka 2020 za kufikiwa mwaka 2030, halikusema tu wasichana 90 kwa 100 wachanjwe na wanawake 70 kwa 100 wapimwe. Lilisema pia 90 kwa 100 wa wale walioonekana na ugonjwa watibiwe. Bila hesabu hiyo ya mwisho, kupima kwabaki kuhesabu watu tu.

Pili, mama aulizwe. Mwaka 1951 huko Baltimore, Marekani, mama mmoja mweusi aitwaye Henrietta Lacks alikufa kwa kansa hii hii, akiwa na miaka 31. Waganga walikuwa wamezitwaa chembe zake bila kumwuliza. Chembe hizo zaishi mpaka leo katika maabara. Zimesaidia kazi nyingi za uganga, hata uchunguzi wa virusi vya HPV vyenyewe. Watoto wake hawakujua mpaka miaka ya 1970, na ni mwaka 2023 tu ndipo kampuni moja iliyouza chembe hizo ilipopatana na jamaa yake. Faida ilikuwa kubwa, naam. Lakini faida ya wengi haifuti deni kwa mmoja. Mama wa kijijini asiyejua kusoma ana haki ya kuelezwa kwa lugha yake kitu gani chatolewa mwilini mwake, na kitapelekwa wapi.

Tatu, alama si shtaka. Hapa ndipo nyumba nyingi huweza kubomoka. Mume asikia kwamba virusi hivi hupita kimwili, naye aruka kusema: «Basi umetoka nje.» Sivyo! Virusi vyaweza kukaa kimya miaka mingi. Hakuna kipimo kisemacho vilitoka kwa nani, wala lini. Mke mwaminifu aweza kuvipokea kwa mumewe, na mume aweza kuwa navyo tangu kabla ya ndoa bila kujua. Nazo alama za methili zasimulia hali ya chembe, hazisimulii mwenendo wa mtu. Tena tusisahau dada zetu waliotendewa jeuri na watu wenye silaha. Kumlaumu mama kama huyo kwa sababu ya kipimo ni kumjeruhi mara ya pili.

Wengine watasema: «Lakini mume ana haki ya kujua.» Mume na mke ni mwili mmoja, nami sikatai; yafaa waambiane. Lakini jibu la kipimo ni la mama, na ni yeye atakayelisema. Mwuguzi asilipeleke kwa mume, wala kwa mama mkwe, wala kwa majirani wa shirika. Na mume anayedai haki ya kujua akubali kwanza wajibu wake: atoe nauli, abaki na watoto, amsindikize mkewe. Mkewe akiona hivyo, atasema mwenyewe bila kulazimishwa. Mficha uchi hazai, lakini nani atajifunua mbele ya mtu ashikaye fimbo?

Basi, akina mama wenye miaka 30 na zaidi, na wenye virusi vya UKIMWI tangu miaka 25, ulizeni katika kituo chenu cha afya ni kipimo gani kipo, na matibabu hutolewa wapi. Ulizeni yote mawili pamoja. Nanyi akina baba, siku mke wako atakaporudi na jibu, usimwulize limetoka wapi. Mwulize mtakwenda lini kwa mganga.