Fomu ya Mkopo Iliyofungia Karanga

Hakuna Mwislamu wa chuo hiki anayeweza kufungia karanga ukurasa wa msahafu. Juzuu ikichakaa tunaizika mahali pasipokanyagwa au tunaichoma. Sayyidna Uthman (r.a.) mwenyewe, alipokwisha kusambaza nakala za msahafu, aliamuru maandishi mengine yachomwe. Adabu ya kuondoa maandishi, basi, tunayo tangu zamani. Ninachojiuliza ni kwa nini adabu hiyo haimfikii binadamu ambaye jina lake, namba yake ya kitambulisho na sahihi yake vimo kwenye daftari la wakala wa pesa za simu.

Muhula uliopita nilinunua karanga nje ya geti. Karatasi iliyozifungia ilikuwa fomu ya mkopo iliyojazwa kwa kalamu: jina la mama mmoja, simu yake, mtaa anaokaa, na kiasi alichoomba. Muuza karanga simlaumu, yeye hununua karatasi kwa kilo. Niliichana vipande vipande, lakini pembeni yake rundo lilikuwa bado kubwa.

Wenzangu niliowaeleza walisema mkopeshaji hakukusudia ubaya. Hapa fiqhi inatusaidia. Wanazuoni wanapozungumzia wadia, yaani mali aliyoachiwa mtu aitunze, wanasema mtunzaji hadaiwi ikipotea bila kosa lake, ila hudaiwa akivuka mipaka au akizembea. Uzembe hauhitaji nia mbaya. Aliyeachiwa mbuzi akaliacha zizi wazi usiku hawezi kujitetea kwamba hakumwita fisi.

Wengine husema hawana la kuficha. Labda. Lakini yule mama analo, na hakuna aliyemuuliza. Jirani yake akinunua karanga siku hiyo, ameshalijua deni lake. Katika hadithi waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba mtu akisema jambo kisha akageuka kutazama huku na huku, jambo hilo ni amana. Hakuhitaji kutamka kwamba ni siri, kule kugeuka kumetosha. Simama kwa wakala yeyote uone wateja wanavyotaja kiasi cha pesa kwa sauti ya chini.

Kuna ugumu mmoja, na ndio ulionifanya nishike kalamu. Sura An-Nisaa, aya ya 58, inatuamuru kuwarudishia wenyewe amana zao. Mbuzi hurudishika. Taarifa je? Unakwenda duka la kuchapa pale Wandegeya, unatuma cheti chako kwa WhatsApp kwenye kompyuta ya duka, unalipa, unaondoka na karatasi zako. Cheti kinabaki kwenye kompyuta ile pamoja na vya mamia ya wanafunzi. Mwenye duka hana cha kukurudishia, kwani cheti unacho. Mimi naona hapo kurudisha ni kufuta. Taarifa ya mtu haitoki mkononi mwako kwa njia nyingine, na usipoifuta bado umeshika amana ambayo kazi yake imekwisha.

Kufuta nako kuna namna. Kutupa faili kwenye pipa la kompyuta si kulifuta. Hata pipa likimwagwa, mara nyingi data hubaki kwenye diski mpaka iandikwe data nyingine juu yake, na zipo programu za kuirudisha. Kompyuta ya duka ikiuzwa kuukuu, vyeti vyetu huuzwa nayo. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 imeliona hilo: rekodi ikimaliza muda wake iharibiwe kwa namna ambayo haiwezi kuundwa upya ikasomeka. Sheria nzuri, ingawa bado sijakutana na wakala anayeijua.

Nimeambiwa pia kwamba kuchoma karatasi inayouzika ni israfu. Karatasi ni ya mwenye duka, sikatai, lakini kilichoandikwa juu yake si chake akiuze.

Wala sisemi kila kitu kichomwe upesi. Aya ya 282 ya Al-Baqara inatuamuru kuandika madeni hadi muda maalumu, na deni likiwa bado hai, kuliangamiza daftari ni kumdhulumu mmoja wa wawili. Kwa hiyo ndugu zangu wenye vibanda vya pesa na vya kuchapa, na humu chuoni mko wengi, daftari lililojaa likae kabatini, chini ya kufuli, kwa muda ambao sheria inautaka na mteja bado anaweza kuja kudai muamala wake. Muda huo ukiisha, lichomeni wenyewe, msimpe kijana akalitupe. Mafaili ya kuchapa hayana haja ya kungoja hivyo: yafuteni mteja angali amesimama hapo, aone.