Kitambulisho cha Kaka



Leo nasema na vijana wetu, hasa wale ambao hawajatimiza miaka 18. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya Kenya, ya mwaka 2010, ambayo wengi tuliizoea kwa jina la Sheria ya Mututho, inakataza mtu yeyote kumuuzia pombe aliye chini ya umri huo. Anayemuuzia anaweza kutozwa faini, kufungwa jela, au yote mawili.

Basi kijana anaazima kitambulisho cha kaka yake na kuingia baa. Anaona ni ujanja mdogo tu. Lakini Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 382, inasema kujifanya mtu mwingine kwa nia ya kulaghai ni kosa la jinai. Na kaka aliyekitoa akijua kitatumikaje hayuko salama, kwani anayesaidia kosa kutendeka huhesabiwa kuwa amelitenda.

Fikiria kesho yake. Kijana anaomba kazi, anadaiwa cheti cha maadili mema kutoka polisi, na kosa la usiku mmoja linaweza kumfuata. Majuto ni mjukuu.

Mzazi, zungumza na mwanao leo, kabla askari hajazungumza naye. Kaka na dada, kitambulisho chako ni jina lako, usimwazime mtu. Nawe kijana, subiri. Umri haukimbiliwi, unafika wenyewe.